Mkono wa Aquaman: muulizeni Charybdis, si Black Manta

Mkuu, umeuliza ni adui gani aliyempotezea mkono Aquaman, yule shujaa wa vitabu vya katuni anayetawala bahari, na wachangiaji karibu wote wamekujibu Black Manta. Manta ana madhambi yake, tena mazito, maana ndiye aliyemuua mtoto wa Aquaman. Ila la mkono si lake. Ni la Charybdis.

Hadithi ilitoka kwenye kitabu cha katuni cha Aquaman cha 1994, mwandishi Peter David, mchoraji Martin Egeland. Charybdis na mkewe Scylla ni magaidi. Mke anauawa, mume anachanganyikiwa. Uwezo wake ni kuzima nguvu za wengine, na safari hii anataka azinyonye kabisa. Anamzima Aquaman asiweze kuwasiliana na samaki, halafu anamzamisha mkono wa kushoto kwenye dimbwi la piranha, wale samaki wa mtoni wenye meno makali. Mfalme wa bahari kuliwa na samaki wa maji baridi! Hapo nilimvulia kofia mwandishi. Baadaye steringi akafunga chusa pale palipokuwa na kiganja.

Mimi kitabu hicho nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba, jalada limechanika, nikakipenda kwa picha tu. Utamu wenyewe ulikuja nilipoisoma Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, maana majina ya Scylla na Charybdis yametoka humo, na ni ya madude mawili ya baharini. Humo mchawi Circe anamwonya baharia Odysseus: huku kuna Scylla, vichwa sita, kila kinywa safu tatu za meno, kule kuna Charybdis, anayeyameza maji ya bahari mara tatu kwa siku na kuyatapika. Bora upite kwa Scylla upoteze mabaharia sita kuliko kupoteza merikebu nzima. Watu wa kale walisema ni pale mlango-bahari wa Messina, kati ya Sicily na Italia bara.

Sasa ona. Kwa Wagiriki wote wawili ni wa kike, David kamfanya Charybdis mume wa mtu. Lakini ulafi kauacha palepale, sema huyu anameza nguvu badala ya maji. Na alichomeza hakikutulia tumboni: nguvu zikamshinda, akatumbukia mwenyewe kwenye dimbwi lilelile. Aliporudi akaitwa Piranha Man, nusu mtu nusu samaki, na kwa maoni yangu hapo walimharibu. Gaidi mwenye machungu ya mke akawa dude la meno tu.

Ukibishiwa kwa katuni ya televisheni ya Justice League ya 2001, mwambie huko Aquaman alijikata mwenyewe ili amwokoe mwanawe, baada ya nduguye Orm kuwatega. Charybdis hayumo kabisa.