Maswali ya Wasomaji: Firigisi Zinazogoma Kulainika

Swali: Shikamoo mhariri wa ukurasa wa mapishi. Hununua firigisi za kuku kwa kilo sokoni kwa sababu watoto wanazipenda, lakini kila nikizikaanga zinakuwa ngumu hata wanaishia kuzitema. Jirani mmoja ananishauri nizikaange kwa dakika chache tu, kama maini. Mwingine anasema nizichemshe kwanza. Nimfuate nani? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Marahaba, ndugu msomaji. Mfuate jirani wa pili, wala wa kwanza usimlaumu sana, kwa sababu asemayo ni kweli kabisa kuhusu maini. Ini ni laini tangu likiwa bichi na huharibika likikawia motoni, ilhali firigisi ni msuli, tena msuli uliofanya kazi nzito muda wote wa uhai wa kuku. Kuku hana meno. Punje anazodonoa huzimeza nzima, zikalowana kwanza katika kifuko cha shingoni, kisha zikafika kwenye firigisi, ambako kuta nene za msuli huzisaga zikisaidiwa na changarawe alizozimeza alipokuwa akichakura. Ndiyo maana firigisi ya kuku wa kienyeji, aliyezoea nafaka nzima, huwa ngumu kuliko ya kuku wa kisasa, ambaye hulishwa chakula kilichokwisha kusagwa na mara nyingi huchinjwa akiwa na wiki 5 au 6 tu.

Ipasue moja uitazame. Utaona nyama nyekundu iliyokolea, na pembeni yake utando mweupe unaong'aa ambao kisu butu hakiupiti kwa urahisi. Utando huo una kolajeni nyingi, yaani protini ngumu inayoshikanisha nyama, na humo ndimo ulimo ugumu unaokusumbua. Nyama inaposhikwa na moto kwa mara ya kwanza, nyuzi zake hujikunja na kukamua maji, ilhali kolajeni haijapata muda wa kulegea. Kwa hiyo firigisi ya dakika kumi huwa ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi, na hapo ndipo wengi hudhani wameuziwa kuku mzee, wakaiepua. Iache iendelee. Joto likikaa juu ya nyuzi 70 za Selsiasi kwa muda wa kutosha, kolajeni hugeuka polepole kuwa jelatini, nyama ikalainika na mchuzi ukawa mzito bila kutiwa unga.

Kabla ya kupika, safisha kwa makini, kwa maana kazi hii ikifanywa kwa haraka hakuna kiungo kitakachoficha kasoro yake. Kama firigisi haijafunguliwa, ikate kwa ubavuni hadi katikati, uifunue, umwage changarawe na mabaki ya chakula, kisha uingize ukucha chini ya ngozi ya njano iliyo ndani na kuivuta. Ikianza vizuri hutoka yote kwa pamoja. Zile za sokoni aghalabu zimekwisha kumenywa, lakini kagua kingo zake, kwani vipande vidogo vya njano hubaki hapo na ndivyo vinavyoleta mchanga mdomoni. Ukiona doa la kijani, ujue nyongo ilipasuka wakati wa kuchinja: likate ulitupe, maana uchungu wake hautoki kwa kuosha. Osha ndani ya bakuli badala ya chini ya bomba linalorusha maji, na ukimaliza, safisha kwa sabuni bakuli, kisu na ubao, kwa kuwa nyama mbichi ya kuku huweza kubeba vijidudu vya salmonela.

Sasa ziweke sufuriani pamoja na kitunguu maji kimoja, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na chumvi kiasi, kisha tia maji yazifunike na kuzidi kidogo. Zikichemka engua povu, punguza moto hadi maji yawe yanatokota taratibu, ufunike. Za kuku wa kisasa huhitaji saa moja hadi saa moja na robo. Za kienyeji huweza kufika saa mbili. Kwa sufuria ya presha, dakika 20 hadi 25 zinatosha kwa za kisasa. Hata hivyo uamini uma kuliko saa: uchomeke mahali penye ule utando mweupe, na ukiingia bila kulazimishwa, kisha ukatoka bila kuinyanyua firigisi, zimeiva.

Hapo ndipo kukaanga kunapopata nafasi yake. Zichuje, supu yake uihifadhi, uzikate vipande na kuzikaanga kwa mafuta kidogo hadi zishike rangi, ndipo utie kitunguu, pilipili hoho na nyanya. Rudishia upawa mmoja au miwili ya ile supu, uache ikauke juu ya nyama, na ukamulie ndimu unapoepua. Watoto wako watakula na ugali bila kubembelezwa.

Wapishi wa mishkaki hulainisha nyama kwa papai bichi, na njia hiyo inafanya kazi, ila kimeng'enya cha papai hushambulia zaidi sehemu ya juu. Ukizidisha muda, firigisi hurojeka nje na kubaki ngumu ndani. Mimi ningezichemsha kwanza hata zile za mshikaki.

Swali: Nimeolewa Kakamega, na nyumbani kwetu imondo, yaani firigisi, ni ya baba mwenye nyumba. Je, kuna sababu ya kiafya inayomzuia mwanamke kuila? *Msomaji, Kakamega*

Jibu: Hakuna. Desturi hiyo ya Waluhya ni ya heshima, nayo ilieleweka kuku alipokuwa mmoja, firigisi moja, na mgeni au mwenye nyumba wa kutunukiwa. Lakini firigisi ina protini nyingi, mafuta machache, na madini ya chuma ambayo wanawake wajawazito na watoto wanaokua wanayahitaji mno. Mtengee baba ya yule kuku aliyechinjwa nyumbani, kisha nunua nusu kilo sokoni mle nyote.

Swali: Mume wangu ana jongo na anapenda sana firigisi. Nimpikie? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Firigisi, kama maini, zina purini, ambazo mwili huzigeuza kuwa asidi ya yuriki, na asidi hiyo ikizidi ndiyo inayoleta maumivu ya jongo. Purini huyeyukia pia kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo supu nayo si salama kwake. Maumivu yakiwa yameamka, usimpikie kabisa. Yakitulia, mwulize daktari wake kiasi anachoruhusiwa, na siku nyingine umpe mayai au maziwa, ambayo yana purini chache sana.