Usiifunike kwa faiba

Ndugu yangu, umeuliza kama uipake faiba (utando wa nyuzi za kioo na gundi ngumu) ile motaboti ya mbao ya marehemu babu yako, iliyopandishwa pwani kule Mtwapa. Nakuomba usifanye hivyo. Mbao hunywa maji zikatanuka, zikikauka husinyaa. Faiba haifuati mwendo huo. Itabanduka taratibu, maji yaingie kati, ubao uoze ndani huku nje unang'aa. Niliwahi kuichokoa moja iliyofunikwa hivyo: bisibisi ilizama hadi mpinini, mataruma, zile mbavu za ndani za chombo, yamekuwa kama mkate uliolowa.

Mtafute fundi wa mashua Bandari ya Kale, Mombasa. Atatoa kalafati iliyochakaa, yaani pamba ya kuziba nyufa za mbao, agongomee pamba mpya yenye mafuta kwenye kila mwanya, kisha apake chini rangi ya kuzuia wadudu watoboao mbao. Ukiishusha majini itavuja siku mbili tatu. Usishtuke, mbao zinajaa.

Injini yake ya zamani usiiuze chuma chakavu, hata kama haiwaki. Tangu mhandisi Mjerumani Gottlieb Daimler ajaribu boti ya injini ya petroli kwenye mto Neckar, Ujerumani, mwaka 1886, injini ni nusu ya historia ya chombo. Na kabla fundi hajang'oa kitu, piga picha kila ubao, uutie nambari.