Barafu kwenye plazma: kulisha na kuzima ni mambo mawili

Mkuu, hapo umechanganya. Umeuliza kwa nini ITER, ule mtambo wa kuunganisha viini vya atomu unaojengwa kusini mwa Ufaransa, urushe barafu kwenye plazma (gesi yenye joto kali hadi atomu zake zimepoteza elektroni) ya nyuzi milioni 150, na kama moto hautazimika. Barafu yenyewe si ya maji (ningeshangaa na mimi!), ni haidrojeni nzito iliyogandishwa kwenye baridi inayopita nyuzi 250 chini ya sifuri, na ndiyo kuni za ule moto. Gesi ukiipuliza tu inaishia pembeni, haifiki katikati panapowaka. Ndiyo maana wanafyatua vidonge vya milimita chache, kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, vikiingilia upande wa ndani wa plazma, ambayo ina umbo la pete, maana huko ndiko vinakopenya zaidi.

Kuzima ni habari nyingine. Plazma ikianza kuyumba, kabla haijaunguza ukuta, linarushwa bonge la haidrojeni na neoni, kubwa kama kizibo cha chupa ya mvinyo. Linagonga kona ya bomba, linavunjika chengachenga, na zile chenga zinalitawanya joto pande zote kama mwanga. Hapo inazimika kweli, tena kwa makusudi. Watu wa JET, mtambo wa aina hiyohiyo kule Uingereza, waliijaribu mbinu hii kabla mtambo wao haujasimamishwa Desemba 2023.