Maswali ya Wasomaji: Mafuta Yakiungua, Nani Huachana na Nani?

Swali: Mhariri, nimesoma kwamba lita moja ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa ukaa. Mbona lita yenyewe haifiki kilo moja? Uzito huo wa ziada unatoka wapi?

Jibu: Unatoka hewani. Lita ya petroli ina gramu 740 hivi, na kati ya hizo kama 640 ni kaboni. Wakati wa kuungua, kila gramu 12 za kaboni hunasa gramu 32 za oksijeni na kuwa gramu 44 za hewa ukaa. Zidisha 640 kwa 44, gawanya kwa 12: kilo 2.3 na ushei. Dizeli hufika kama kilo 2.7 kwa lita. Kuni nazo hutoa hewa hiyohiyo, ila kaboni yake mti uliivuta juzi tu, na mti mwingine ukiota mahali pake utaivuta tena. Ya petroli ilikuwa imezikwa kwa mamilioni ya miaka.

Swali: Nafundisha sayansi sekondari. Je, wanafunzi wanaweza kupima uchafu wa hewa bila mashine?

Jibu: Wanaweza, mwalimu. Wapeleke kwenye miti wakatafute likeni, yale magamba ya kijivu, ya kijani au ya manjano yanayoota juu ya magome. Likeni si mmea. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja: kuvu hujenga nyumba na kutunza unyevu, mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Haina mizizi wala ngozi ya nta kama ya jani, kwa hiyo kila kilichomo kwenye mvua na umande huingia moja kwa moja. Makaa ya mawe yenye salfa yakichomwa hutoa dioksidi ya salfa. Hiyo huharibu kijani cha mwani, sukari hukatika, na kuvu hufa njaa. Mwaka 1866 mtaalamu wa mimea William Nylander alikuta katika bustani ya Luxembourg, Paris, likeni ambazo kwingineko mjini humo hazikuonekana, na akaziona kuwa kipimo cha hewa.

Chagua miti kama kumi ya aina moja, iliyosimama wima na yenye unene unaokaribiana. Tengeneza fremu ya waya au kamba yenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 50, uigawe katika vyumba vitano vilivyo sawa. Ibandike kwenye shina kuanzia mita moja kutoka ardhini, upande wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Kwa kila umbo la likeni, hesabu vyumba lilimoonekana. Maumbo ni matatu: ya ukoko iliyogandamana na gome, ya majani, na ya kichaka inayoning'inia kama ndevu. Ya kichaka ndiyo dhaifu kuliko zote. Ikibaki ya ukoko peke yake, hewa ina walakini.

Kazi hii huharibika kwa njia zinazojulikana. Ukilinganisha aina mbili za miti, utakuwa unapima asidi ya magome, si ya hewa. Miti iliyopakwa chokaa au inayobanduka gome iache. Unga wa kijani unaotoka ukipitisha kidole ni mwani mtupu, usiuhesabu. Na msishangilie manjano mengi: likeni nyingi za rangi hiyo hupenda naitrojeni, hivyo hunawiri karibu na mazizi na mashamba yenye mbolea. Kumbuka pia kwamba nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka. Mtakachosoma ni usafi wa hewa wa miaka, si wa leo asubuhi.

Swali: Nilipiga mbizi nikakuta matumbawe yamekuwa meupe pe. Yamekufa?

Jibu: Huenda bado. Tumbawe ni mnyama laini asiye na rangi nyingi, na ndani ya seli zake huishi mwani mdogo sana unaompa hadi sehemu tisa kwa kumi ya nishati yake. Yeye huulipa kwa makazi, hewa ukaa na mabaki ya naitrojeni. Maji yakizidi joto la kawaida la mwezi wa joto kali kwa nyuzi moja tu, kwa wiki nne hivi, mwani huanza kutoa kemikali zenye sumu, na tumbawe huufukuza. Weupe ulioona ni mifupa ya chokaa ikionekana kupitia nyama.

Angalia kwa karibu bila kugusa. Nyama ikiwa bado ipo, kuna mng'ao wa utelezi na vinywa vidogo vinaonekana. Likishakufa, baada ya muda mfupi hufunikwa na manyoya ya mwani wa kahawia au kijani. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi, ingawa tumbawe hukaa muda mrefu bila kuzaa vizuri. Joto la mwaka 1998 liliua takriban asilimia 16 ya matumbawe ya dunia.

Swali: Kama kuna bakteria wanaokula mafuta, kwa nini tuhangaike kusafisha yakimwagika baharini?

Jibu: Wapo kweli, maarufu ni Alcanivorax. Lakini hula pale mafuta yanapogusana na maji, kwa hiyo matone madogo huisha upesi na bonge la lami hukaa. Wanahitaji pia oksijeni, naitrojeni na fosforasi. Mafuta yaliyozama kwenye tope lisilo na oksijeni hudumu miaka. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe zilitiwa mbolea ili kuwapa nguvu bakteria, na kazi ilienda kasi zaidi. Hata hivyo hiyo ni kazi ya wiki na miezi. Ndege aliyelowa mafuta manyoya yake hayazuii tena maji wala baridi, naye huweza kufa ndani ya saa chache.