Pembe tatu au pembetatu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sanaa, Kayole, Nairobi. Wanafunzi wangu wamechora picha zinazotokana na kanuni za hisabati. Picha moja niliiandikia kikadi: "Pembe tatu nyekundu juu ya mraba". Mwenzangu wa Kiswahili amepiga mstari chini yake. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, mwenzako ana haki. Ukitenganisha maneno hayo, unahesabu pembe, na mwenye utani atakuuliza ni ng'ombe wa aina gani huyo. Ukiyaunganisha, unataja umbo moja zima. Kitenzi ndicho hufichua tofauti: pembe tatu *zimechorwa*, pembetatu *imechorwa*. Kikadi chako hakina kitenzi, na "nyekundu" katika ngeli hiyo haibadiliki, iwe umoja au wingi. Basi maana yote imebebwa na kale kanafasi kati ya maneno mawili. Maumbo yakiwa mawili, andika pembetatu mbili. Pembenne na pembetano ni vivyo hivyo.

Ila hapo mimi ninavutiwa zaidi na mraba. Neno hili lilitoka Kiarabu likiwa na mzizi wa nne, ule ule ulio katika robo na arubaini. Ndiyo maana mtu aliyejengeka tunamwita wa miraba minne. Kisha likahamia kwenye pembe ya nyuzi 90, tukapata pembemraba, na umbo lenye pembe hiyo likaitwa pembetatu mraba. Mafundi wa mjengo huipata pembe hiyo kwa kamba yenye pande za vipimo vya 3, 4 na 5, wakasema kona iko skwea.

Crockett Johnson, mchora katuni wa Marekani, naye kama wanafunzi wako alianza kuchora hisabati mwaka 1965, na hadi anafariki mwaka 1975 alikuwa na picha zaidi ya 100 za aina hiyo. Mojawapo ni ya uthibitisho wa Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, wa kanuni ya Pythagoras. Kanuni yenyewe ningeieleza hivi: miraba mitatu imejengwa juu ya pande za pembetatu mraba, na eneo la ule mkubwa ni sawa na jumla ya maeneo ya ile miwili midogo. Mraba umetajwa mara mbili kwa maana mbili, na hakuna anayepotea, kwa kuwa ule wa kwanza una wingi wake na huu wa pili umeganda.

Kwa hiyo andika "Pembetatu nyekundu juu ya mraba". Lakini kama mwanafunzi alichora ncha tatu tu, zisizounganishwa, kikadi chako kiache kilivyo, umwambie mwenzako aitazame picha kwanza.