Kitabu Gani Kiingie Msalani?

SWALI: Nimeweka riwaya msalani, lakini kila nikiingia inanibidi nirudi kurasa mbili nyuma nikumbuke nani alimwambia nani nini. Nichague kitabu cha namna gani?

JIBU: Kosa si la kumbukumbu yako. Riwaya hutegemeana: ukifika ukurasa wa 90 unadaiwa yote uliyosoma tangu ukurasa wa kwanza. Msalani panataka kitabu kisichodai. Msomaji wa kawaida humaliza maneno kama 200 kwa dakika, na ukurasa wa kitabu kidogo hubeba maneno 250 hivi, kwa hiyo dakika tano ni kurasa nne. Kipande kimoja kisizidi kurasa tatu, na kikiisha kiwe kimeisha kweli.

Kabla ya kununua, kifungue mahali patatu bila kuchagua na usome kipande kilichopo. Ukijikuta unauliza "huyu naye ni nani?", kirudishe. Ukicheka walau mara moja, kichukue. Mikusanyo ya visa vifupi, katuni, maajabu ya wanyama na asili ya maneno hufaulu kwa kawaida. Kamusi nayo hufaulu, ingawa wachache huifikiria. Kwa mpenda lugha, neno moja lenye maana tatu ni burudani tosha. Vichekesho vitupu tunavitilia shaka kidogo. Vikifuatana mia mbili, cha kumi tu kimeshachosha.

Kwa vitabu vya vitendawili, angalia majibu yamekaa wapi. Yakiwa mstari uleule ("Nyumba yangu haina mlango: yai"), jicho limeshaliona yai kabla akili haijaanza kutafuta. Yakiwa yote mwishoni mwa kitabu, utapekua kwa mkono mmoja huku kidole cha mkono wa pili kimebanwa pale ulipoachia, na njiani utayaona majibu ya vitendawili vingine kumi ambavyo hujategewa. Mpangilio mzuri ni jibu kuwa nyuma ya karatasi ileile: tega, fikiri, geuza.

SWALI: Choo na bafu letu viko chumba kimoja. Kitabu changu cha picha kimepinda jalada na kurasa zake zimegandana. Kwa nini, na ninunue cha aina gani?

JIBU: Karatasi hunywa unyevu wa hewani kisha huutoa, ikivimba na kusinyaa kila mara. Jalada gumu hupinda kwa sababu upande wake wa nje na wa ndani havivimbi kwa kiasi kimoja. Karatasi ya kung'aa ndiyo mbaya zaidi. Hiyo imepakwa utando wa udongo mweupe na gundi; utando ukilowa hulainika, na kurasa mbili zikikaukia pamoja hushikana kama zilizobandikwa. Ukizivuta, picha hung'oka. Ikilowa siku nyingine, tenganisha kurasa palepale zingali mbichi, uweke tishu au karatasi ya kunyonya maji kati yake. Zikishakauka zimeshikana, usitegemee kuzipata salama.

Nunua chenye jalada laini na karatasi isiyong'aa, ukubwa kati ya A6 (milimita 105 kwa 148) na A5 (milimita 148 kwa 210), kurasa zisizozidi 200 ili mkono mmoja ukimudu. Kilichoshonwa kwa uzi hubaki wazi vizuri. Cha gundi tupu hujifunga chenyewe, na ukikilazimisha mgongo hupasuka, kurasa zikaanza kuchomoka. Vijitabu vya pini hufunguka vyema, ila pini hushika kutu na kuacha doa.

Rafu iwe mbali na bomba la kuogea, na uache nafasi ya vidole viwili kati ya vitabu na ukuta ili hewa ipite. Juu ya tangi la maji ya choo si mahali pake: tangi likijaa maji baridi hutoa jasho nje, na kitabu hulowa kuanzia chini bila wewe kujua. Ukioga maji moto, vitoe. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 kwa muda, ukungu hupata nafasi. Ukiona vidoa au kusikia harufu ya uvundo, kitenge kitabu hicho na wenzake siku hiyohiyo.

SWALI: Kitabu kikininogea, natoka miguu imekufa ganzi. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Ganzi hutokana na ukingo wa kiti kubana mapaja. Kubwa kuliko hilo, choo cha kukalia kina tundu katikati, kwa hiyo sehemu ya haja kubwa huning'inia bila egemeo na damu hujaa kwenye mishipa yake. Kukaa hivyo muda mrefu, hasa kwa kujikamua, huchangia bawasiri. Madaktari hushauri usipitishe dakika 10. Soma kipande kimoja, basi inuka. Ndiyo maana hadithi za upelelezi, ambazo kila sura huishia mtu akiwa amenyooshewa bastola, hazifai hata zikiwa na sura fupi. Na kwenye choo cha kuchuchumaa, kitabu kibaki nje.

SWALI: Je, si uchafu?

JIBU: Maji ya kuflashi hurusha matone madogo, kwa hiyo funga kifuniko kwanza. Lakini kinachochafua kitabu zaidi ni mikono. Kirudishe rafuni kabla ya kujisafisha, kisha nawa kwa sabuni, na usikiguse tena. Kitabu cha maktaba au cha kuazima kisiingie kabisa.

SWALI: Na chemshabongo?

JIBU: Zinafaa, mradi uchague fumbo dogo la kukamilika kwa kikao kimoja au viwili. Tumia penseli ya 2B, kwa sababu kalamu ya wino huacha kuandika ukiinamisha kitabu na ncha ikatazama juu. Ifunge kwa uzi kwenye rafu, la sivyo itaangukia unakokujua. Wenye nyumba mkiwa wengi, kila mtu awe na kijitabu chake. Kukuta mwenzio amejaza neno ulilokuwa ukilitafuta tangu jana hugombanisha watu.