Moto wa Kuomba: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Bukoba

Wingwi, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi. Babako magoti yanamsumbua lakini shamba haachi kwenda. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa peke yangu jikoni. Unasema mzee mwenye nyumba uliyopanga amekusimulia walivyokimbia mwaka 1978, askari wa Idi Amin walipovuka mpaka wakashika nchi yote mpaka ukingoni mwa mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Alipomaliza akakuuliza: "Na nyinyi wa visiwani, vita vile mlivisikia redioni tu?" Wewe hukuwa na la kumjibu. Kisha ukaniongezea swali lako mwenyewe, kwa nini kabati la mama halikosi viberiti na kitambaa cheupe cha bafta.

Maswali mawili hayo jawabu lake ni moja, ila haliingii kwenye simu. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwanza mwambie mzee wako ukweli, kwamba risasi hatukuisikia hata moja. Usije ukampimia uchungu wake kwa pishi yetu. Yeye aliacha nyumba na migomba yake, na wapo waliorudi wasiwakute jamaa zao. Bukoba na Mwanza ndege zilikuja kwa mabomu. Sisi kila usiku tulilala katika vitanda vyetu vya kamba. Lakini kusema tulivisikia redioni tu, hapana, si hivyo.

Nilikuwa na miaka 13. Redio ya mtaa wetu ilikuwa ya mwalimu wa skuli, na siku ile ya tarehe 2 Novemba aliitoa barazani watu wote wasikie. Mwalimu Nyerere akasema maneno ambayo hata nyinyi mliozaliwa nyuma mnayajua, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Watu wakapiga makofi. Bibi yako, mamangu, hakupiga. Aliinuka akajifunga kanga yake vizuri akarudi nyumbani, nami nikamfuata. Mjomba wako alikuwa jeshini mwaka wa pili ule, yuko bara, na barua yake ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa Agosti.

Iddi ya Mfunguo Tatu ilitukuta wiki iliyofuata. Dua baada ya sala ilikuwa ndefu kuliko nilizozizoea. Ndipo nilipotambua kuwa si nyumba yetu peke yake iliyokuwa na mtu bara.

Sasa nikwambie vita vilivyoingia kijijini. Viliingia kupitia taa. Mwanzo wa mwaka 1979 mafuta ya taa yaliadimika, kisha yakawa hayapo kabisa. Kandili ikatundikwa ukutani kama pambo. Kibatari kikakauka. Mama yake bibi yako alikuwa hai bado, mzee wa makamo makubwa, na ndiye aliyetuokoa, maana dhiki ile kwake haikuwa ngeni. Yeye alikuwa mtu mzima wakati wa vita vya Hitla. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukiletwa Unguja na Pemba kutoka huko ulikatika, na watu wakala muhogo mpaka wakasahau sura ya wali. Yote aliyojifunza wakati ule aliyatoa tena, kama mtu anayefungua sanduku la zamani.

Alikuna nazi, akakamua tui, akalipika polepole mpaka likatoa mafuta. Akachukua kipande cha bati, akakitoboa kwa msumari, akapitisha utambi aliousokota kwa kanga chakavu, akakilaza ukingoni mwa kibakuli cha mafuta. Ikawa taa. Mwanga wake haukuzidi kiganja, na nyumba nzima ilinukia kama mtu anakaanga samaki. Nilisomea taa ile. Ukiinama uone herufi, kichwa chako mwenyewe kinaziba mwanga. Ukiinuka, huoni kitu. Hesabu zangu za mwaka ule nilizifanya kwa kukisia.

Halafu kiberiti. Hili ndilo ulilouliza, mwanangu, na ndilo ninaloliona kila nikifumba macho. Kilipokosekana kiberiti, moto ukawa hauzimwi. Usiku unachukua kumbi la nazi, unaliwasha kwa kaa, unalifukia jivuni. Kumbi halitoi ndimi za moto, linakwenda ndani kwa ndani mpaka alfajiri. Lakini siku nyingine ukifukua unakuta jivu baridi, na hapo mtoto hutumwa kuomba moto. Unakwenda na kumbi lako kavu mpaka nyumba inayofuka moshi, unapiga hodi, unatiliwa kaa, unarudi mbio huku unalipuliza, umelishika mbali na nguo.

Asubuhi moja ya masika mvua ilinizimia kaa njiani. Nikajaribu nyumba ya pili, nao hawana. Moshi ulikuwa unatoka nyumba moja tu iliyobaki karibu, ya Bi mmoja ambaye mamangu hakuwa akisalimiana naye kwa ugomvi wa mpaka, kwa ajili ya minazi miwili. Nilisimama chini ya mwembe wake nimeloa chapachapa, naogopa kwenda mbele, naogopa kurudi mikono mitupu. Akaniona mlangoni. Hakuniuliza mimi ni wa nani, alikuwa anajua. Alinivuta ndani, akachagua kaa kubwa kuliko yote yaliyokuwa mekoni, akaligonga, akanitilia pande zima, kisha akanifunika kwa ungo wake ili mvua isinifike.

Nilipofika nyumbani mamangu aliutambua ule ungo kwa ushonaji wake. Hakusema kitu. Aliwasha jiko, akapika muhogo wa nazi, akautia katika sahani nzuri, akaifunika, akaiweka juu ya ungo, akaniambia: "Rudisha ungo wa watu." Minazi ile miwili hawakuizungumza tena, na mpaka leo hakuna anayejua ni ya nani. Wewe mwenyewe umekunywa madafu yake.

Mwezi wa Mei mjukuu mchanga wa Bi yule alifariki kwa homa. Dukani hakuna bafta, Konde hakuna, aliyetumwa Wete akarudi bure. Jua linapanda na maiti yumo ndani. Mama yake bibi yako akafungua kasha lake akatoa bafta aliyoiweka kwa sanda yake mwenyewe. Aliinunua zamani kwa pesa za kuchuma karafuu, akaifunga na udi na kafuri. Alikata mbele yangu kile kipande kidogo cha mtoto, mkasi ukawa unakwenda taratibu mno. Alichobakisha hakikumtosha tena mtu mzima, naye alijua hivyo. Ukiona bafta katika kabati langu, hiyo ndiyo sababu yake. Siiweki kwa ajili yangu tu.

Mengine nitayapita. Sukari tuliisahau, uji tukanywa wa chumvi, na chumvi yenyewe tulichemsha maji ya bahari. Sabuni hakuna, tukafulia majani ya mpapai. Doti moja ya kanga tuligawana mimi na mamangu, kwa hiyo tukialikwa harusi anakwenda mmoja. Foleni ya duka tulianza kuishika kabla ya alfajiri kwa jiwe au kikapu, kila mtu anakijua chake. Njaa ya kufa hatukuiona, na kwa hilo namshukuru Mungu na ardhi ile. Muhogo ulikuwepo. Ngalawa haitaki petroli, upepo ukiwepo inakwenda, ila mshipi ukikatika ulikuwa hupati mwingine. Maji yakitoka tulishuka pwani kuokota kombe na chaza, tukafukua makumbi tuliyoyafukia matopeni, tukayaponda tukasokota kamba. Mpunga tulilima bondeni kama miaka yote.

Na bondeni ndiko habari ilikotukuta. Tarehe 11 Aprili Kampala ilitekwa. Sisi tulikuwa tunapalilia, mvua rasharasha, maji yako vifundoni. Kijana mmoja akaja mbio juu ya tuta anapiga kelele kwamba Amin amekimbia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mamangu akamwuliza yule kijana: "Kuna barua?" Akasema hakuna barua, ni redio. Mamangu akainama akaendelea kung'oa magugu.

Barua ilifika Juni, vita vyenyewe vimekwisha. Ilikuwa ukurasa mmoja. Mjomba wako hakuandika habari za kupigana. Aliandika kwamba wakati wanakwenda, karibu na mto, chakula chao kilichelewa siku mbili, na watu wa pale, ambao wenyewe walikuwa wanalala nje na watoto wao kwa kukimbia vita, waliwapikia ndizi. Akaandika: "Mama, ndizi za huku zinapikwa kama muhogo wetu, ila hazina nazi." Bibi yako alinisomesha barua ile kila jioni kwa mwezi mzima kwenye mwanga wa ile taa ya nazi, na kila nikifika hapo alisema: "Mungu awalipe."

Na dhiki haikukoma siku vita vilipokoma. Mwalimu alituambia tufunge mikanda miezi 18, tukaifunga, miezi ikaisha na dhiki ikabaki. Watu wengi wa rika langu husema yote aliyaleta Amin. Mimi sikubali, na nakwambia wewe kwa sababu umesoma na utapima mwenyewe. Vita viligharimu sana, ni kweli. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika tangu 1977, mafuta yakapanda bei dunia nzima mwaka uleule wa 1979, na foleni sisi tuliijua hata kabla ya vita. Kutupia kila kitu vita ni kujipumzisha. Hapa Zanzibar bidhaa zilianza kuonekana tena baada ya Mzee Mwinyi kushika urais wa visiwa mwaka 1984 na biashara kufunguliwa. Kiberiti changu cha kwanza baada ya hapo sikukiwasha wiki nzima, nilikuwa nakitikisa tu nisikie njiti zake.

Mjomba wako alirudi mwaka 1980, mzima wa viungo. Unamkumbuka kidogo, ulikuwa na miaka minne alipofariki. Mara nyingi tulimwuliza vita vilikuwaje, naye alisimulia zile ndizi. Wenziwe waliozikwa Kaboya hakuwataja, ila kila tarehe 25 Julai, siku ya mashujaa, alifunga saumu. Kaboya si mbali na ulipo. Ukipata nafasi nenda, usimame kidogo, uwasomee Fatiha kwa niaba yake.

Na mzee wako mpe salamu zangu. Mwulize kama mwaka ule alikuwa miongoni mwa waliolala nje karibu na mto, na kama aliona askari wakipikiwa ndizi. Kama ni yeye au jamaa zake, mwambie mmoja katika wale waliokula alikuwa mtoto wa mwanamke wa Wingwi, na kwamba mwanamke yule aliwaombea mpaka anakufa.

Nimempa kijana anayevuka kesho kifurushi chako, atakipeleka kituo cha basi Dar es Salaam. Mna karafuu kavu, mna ng'onda za samaki mkavu, na nazi nane zilizofuliwa. Ng'onda nusu ni za mzee. Nazi nne pia mpe, na wewe mwenyewe umpikie zile ndizi zao kwa tui, aonje. Tui la kwanza uliweke mwisho, usilichemshe sana likakatika.

Mamako